Nondo Nilizozilipia Mwenyewe

Kabla hujaendelea kusoma, inuka uende kwenye dirisha la chumba unacholala. Fungua kioo, shika nondo, zisukume. Kama zimefunguka na unaweza kutoa kichwa na mabega nje, rudi ukae, usome kwa starehe. Kama hazikusogea hata kidogo, haya yanakuhusu. Na nina wasiwasi kwamba hazikusogea, kwa sababu kuanzia Mbagala hadi Bunju, kuanzia Kimara hadi Kigamboni, ndivyo tunavyojengewa, na tunalipa ili tujengewe hivyo.

Mimi nililipa shilingi 95,000.

Nimepanga chumba na sebule Mbagala, nyumba yenye wapangaji sita, choo uani. Nasoma shahada ya uzamili, kwa hiyo kitu pekee cha thamani nilichokuwa nacho kilikuwa kompyuta. Usiku mmoja mwaka juzi niliamka kwa sababu pazia lilikuwa linacheza na upepo haukuwepo. Nikaona mti mrefu mwembamba, nchani umefungwa waya uliokunjwa kama ndoana, unarudi nje taratibu. Kwenye ndoana ulining'inia mkoba wangu. Nafasi kati ya nondo na nondo ilitosha mkoba kupita ukiwa umesimama wima. Nilipiga kelele, majirani wakatoka na tochi na mapanga, lakini aliyevua alikuwa ameshaondoka na samaki wake. Ndani ya mkoba zilikwenda sura mbili za tasnifu, na flashi niliyohifadhia nakala ilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba huohuo. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka.

Asubuhi mama mwenye nyumba alikuja kunipa pole. "Mwanangu, hapa ni mjini," aliniambia. "Kama unaona nondo hazitoshi, ongeza. Ila gharama ni yako."

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea pale barabarani. Akaja na futi kamba, akapima upana na urefu, akaniuliza nataka mtindo gani: maua, jua, au miraba. Nikamwambia sitaki urembo, nataka mkono usipite. Akang'oa fremu ya zamani ya mbao na nondo zake zilizosimama wima, akaweka fremu ya chuma, akachomelea vyuma bapa vya kulala na vya kusimama, akavizamisha ukutani kwa zege pande zote nne. Alipomaliza alining'inia pale kwa mikono miwili kama mtoto anayecheza, kunionyesha. "Dada, hapa hata jeki haiingii," alisema. Nilifurahi sana. Nilimwongezea elfu tano ya soda.

Alipima kila kitu, lakini hakuniuliza swali moja: mtatokaje? Na mimi, niliyesoma miaka yote hiyo, sikumuuliza.

Miezi minane baadaye mdogo wangu wa kidato cha pili alikuja kwangu likizo. Sebuleni, nyuma ya kochi, nilikuwa na waya wa ekstensheni wa bei rahisi, nimechomeka feni, friji ndogo na chaja tatu. Kosa langu, simlaumu mtu. Saa nane usiku mdogo wangu aliniamsha akikohoa. Sebule ilikuwa imejaa moshi mweusi mzito wa sponji ya kochi, na mlango wetu wa kutokea uko upande wa pili wa lile kochi. Tulifanya alichotufundisha mwalimu wa skauti: tukafunga mlango wa chumba, tukasukumia shuka chini yake, tukaenda dirishani. Nikafungua kioo. Tukashika vile vyuma nilivyovilipia.

Majirani walikuja haraka kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo nilipoelewa nilichonunua. Walikuwa nje, umbali wa mkono. Niliweza kumshika jirani yangu vidole. Kijana mmoja alileta mtaimbo, akapenyeza, akasukuma kwa uzito wake wote; chuma kilipinda kidogo, zege halikutoka. Mwingine alipiga kelele iletwe grenda, lakini umeme walikuwa wameshauzima kwenye meni swichi, na walifanya sawa kuuzima. Kila mtu aliyesimama pale alikuwa na nguvu na nia ya kutuokoa, na kila mtu alizuiwa na kazi nzuri ya fundi. Mdogo wangu alibandika mdomo kati ya vyuma akivuta hewa ya nje.

Tulipona kwa sababu jirani wa chumba cha mbele alivunja mlango wa sebule, wakamwaga mchanga na ndoo za maji hadi kochi likatulia, tukapita juu ya majivu tukiwa tumefunikwa shuka zilizolowa. Mdogo wangu alikohoa wiki nzima. Mwizi alikuwa amechukua kompyuta tu. Nondo zilikaribia kumchukua mtoto wa mama yangu.

Sasa, sitaki mtu anijibu kwamba nadharau hofu ya wezi. Hofu hiyo naijua. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka jioni ile ya mwanzoni mwa Januari 2015, habari za panya road zilipofunga maduka na kuwakimbiza watu majumbani. Wanakumbuka 2022 pia, vijana wenye mapanga walipoingia nyumba kwa nyumba. Mama anayelala peke yake na wanawe Chanika au Chamazi, mahali ambapo taa ya barabarani ni ya kusikia kwa wenzako, ana haki ya kutaka dirisha lisiloingilika. Ninachokataa ni kitu kimoja tu: kuamini kwamba dirisha lisiloingilika lazima liwe dirisha lisilotokeka. Hayo ni mambo mawili. Tumeyachomelea pamoja kwa uvivu, na tukauita uvivu huo ulinzi.

Tazama jinsi tulivyofika hapa. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Magomeni au Temeke ya zamani ilikuwa na korido katikati, vyumba huku na huku, mlango wa mbele barabarani na mwingine nyuma wa kutokea uani. Madirisha yalikuwa ya mbao, na nondo zilipenyezwa kwenye fremu ya mbao. Nondo zile zilizuia mwizi mvivu, lakini fremu ilikuwa ya mti: wanaume wawili na shoka wangeing'oa. Na nyumba ilikuwa na milango miwili. Leo tumechukua mpango uleule, kila chumba tumekipangisha kwa familia, mlango wa uani tumeuziba tukaweka chumba cha ziada au stoo, korido tumejaza majiko, mitungi ya gesi na pikipiki, kisha madirisha tumeyafunga kwa chuma na zege. Matundu yote tumeyaziba isipokuwa moja, na hilo moja ndilo moto hupenda kuanzia.

Na hilo moja nalo tumelifunga. Nenda nyumba yoyote yenye geti la chuma kwenye mlango wa mbele. Usiku linafungwa kufuli kwa ndani. Ufunguo uko wapi? Uko chini ya mto wa baba. Baba amesafiri? Basi uko kwenye pochi ya mama, pochi iko kabatini, kabati limefungwa kwa sababu ya watoto. Sasa zima taa, jaza nyumba moshi, halafu utafute.

Tusijifanye hatukuonywa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, Kenya, liliwashwa moto kwa petroli. Wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yalikuwa na nondo. Miaka mitatu kabla yake, Machi 1998, shule ya wasichana ya Bombolulu huko Pwani ya Kenya ilipoteza zaidi ya wasichana 20 katika bweni ambalo nalo lilikuwa limefungwa, na madirisha yake yakiwa na nondo. Vyuma vile viliwekwa na watu wazima wenye nia njema, ili watoto wawe salama. Mwaka 2008 Kenya ikatoa mwongozo wa usalama shuleni unaosema wazi kwamba madirisha ya bweni yasiwe na nondo na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje. Ilichukua makaburi mengi kuandika sentensi hiyo fupi.

Najua utasema hayo ni mabweni. Basi niambie, nyumba ya vyumba sita yenye watu 23, korido moja na mlango mmoja, wewe unaiita nini?

Wapo pia waliolifikiria jambo hili kwa nyumba za kawaida. Huko Marekani, kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi zinazofuatwa katika majimbo mengi zinataka kila chumba cha kulala kiwe na tundu la dharura, dirisha au mlango, ambalo mtu mzima anaweza kulipita: upana usiopungua kama sentimita 50, urefu usiopungua kama sentimita 60. Nondo haikukatazwa. Mtu anaruhusiwa kuziweka, kwa sharti kwamba zifunguke kutoka ndani bila ufunguo, bila kifaa na bila ujuzi wowote. Huko nako wezi wapo. Ila walikaa chini wakauliza lile swali ambalo mimi na fundi wangu hatukuuliza.

Nimelizungumza jambo hili na watu wengi tangu usiku ule, na majibu ninayopewa ni manne. Nayajibu hapa mara moja.

La kwanza: "Dirisha linalofunguka, mwizi naye atalifungua." Atalifungua kama limetengenezwa vibaya. Fundi anayejua kazi yake anachomelea bawaba kwa ndani, ili pini zisigongeke mtu akiwa nje. Komeo linawekwa ndani ya kiboksi cha bati nene kilichochomelewa kwenye fremu, mdomo wake ukielekea chumbani; mkono unaotoka nje haulifikii, na mti wa ndoana haulioni. Likifungwa, lina ugumu uleule wa nondo za kawaida. Tena nikuambie: kilichoniibia mimi hakikuwa ulegevu wa nondo. Zilikuwa imara kabisa. Ni nafasi iliyokuwa kati yake. Wavu mgumu wa chuma wenye matundu madogo, uliofungwa kwenye fremu hiyohiyo inayofunguka, ungemzuia yule mvuvi kwa gharama ndogo kuliko niliyolipa. Niliibiwa kwa sababu ya tundu, nikajitibu kwa jela.

La pili: "Ni gharama." Bawaba mbili, komeo, na kipande cha bati. Nimeshalipa, najua: kwa dirisha langu ilikuwa 30,000 juu ya bei ya kazi. Na si madirisha yote. Nasema moja kwa kila chumba cha kulala. Watu wanaoweka maua ya chuma, jua la chuma na herufi za majina yao kwenye geti wasiniambie kwamba bawaba ndiyo itakayowafilisi.

La tatu: "Moto ni mara moja kwa nadra, wezi ni kila siku." Ni kweli. Ndiyo maana nataka dirisha linalowazuia wezi kila siku na kukuachia siku ile moja. Kilichoibwa nilikilia mwezi mzima, kisha nikaazima kompyuta ya rafiki nikaandika upya zile sura, na mwalimu wangu akasema za pili zilikuwa bora. Usinitajie kitu kinachoweza kuandikwa upya kwenye mizani moja na mtoto.

La nne ndilo linaloniuma zaidi: "Nyumba si yangu." Hapa ndipo nawageukia wenye nyumba. Mnapokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mnatuwekea masharti ya wageni, ya muziki, ya kufua, ya saa ya kufunga geti. Hamjawahi kutuonyesha njia ya pili ya kutoka, kwa sababu haipo. Mkipangisha chumba chenye nondo zisizofunguka na mlango mmoja, mmempangishia mtu kitu kilicho pungufu, kama mngempangishia chumba kisicho na paa. Na sisi wapangaji tumekuwa tukikikagua chumba kwa kuuliza maji yanatoka siku gani na umeme tunachangiaje. Tuongeze swali la tatu.

Mafundi nao siwaachi. Kaka zangu, ninyi ndio mnaojua chuma. Mteja anajua hofu yake tu. Anakuja kwenu siku moja baada ya kuibiwa, akili yake haijatulia, anataka ukuta. Msimuuzie ukuta. Mwambieni kama daktari anavyomwambia mgonjwa anayedai sindano: nitakupa, lakini kwa namna hii. Kila grili ya chumba cha kulala inayotoka kwenye kijiwe chenu itoke na sehemu inayofunguka, bila mteja kuomba. Kama dirisha ni la vioo vya kuteleza, ambavyo hufungua nusu tu, hakikisheni sehemu hiyo iko upande wa kioo kinachofunguka, na kwamba nusu hiyo inatosha mtu kupita.

Na serikali? Tunayo Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007. Tunayo namba 114, na mtu aliye na simu aipige bila kusita. Lakini kila anayeishi huku anajua gari la zimamoto lenye nia njema kuliko zote litasimama barabara kubwa, maana uchochoro wa kuja kwetu haupitishi hata bajaji mbili. Nyumba nyingi za huku hazijapitia kibali wala mkaguzi, kwa hiyo hata kanuni ikiandikwa kesho haitafika kwenye dirisha langu kwa miguu yake. Itafikishwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe, walewale wanaopita mlango kwa mlango kukusanya mchango wa ulinzi shirikishi. Tunakutana mara kwa mara kuzungumzia nani alinde usiku na kwa shilingi ngapi. Sijawahi kuhudhuria kikao kilichouliza tutatokaje.

Nilirudi kwa fundi yuleyule. Nilipomweleza anyamaze kwanza anisikilize, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Dada, ile kazi niliifanya kwa moyo." Nikamwambia ndiyo tatizo lake. Akakata sehemu ya upana wa sentimita 60 na urefu wa 70, akaweka bawaba za ndani, komeo chini kabisa ili hata mtoto alifikie. Sikuweka kufuli. Kitanda nilikihamisha ukuta wa pili. Usiku tulizima taa, mimi na mdogo wangu, tukafumba macho, tukajaribu. Mara ya kwanza tuligongana vichwa. Mara ya tano nilihesabu hadi tisa na wote wawili tulikuwa nje, miguu mitupu, tukicheka kwenye mchanga wa uchochoroni kama wendawazimu.

Mama mwenye nyumba alitoka na kanga begani kuangalia kelele ni za nini. Akatazama dirisha lililo wazi, akatutazama sisi. "Mwanangu, sasa si umewafungulia wezi?" Nikalifunga, nikamwambia, "Jaribu, mama." Akavuta kwa nguvu, akatikisa, akaacha. Kisha akasimama kidogo pale gizani akiwa hasemi kitu, na mimi nikajua anatazama madirisha mengine ya nyumba yake.

Yapo matano. La mama wa mapacha. La kijana wa simu. La wale mabinti wawili wa kiwandani. La jirani aliyevunja mlango wangu wa sebule kwa bega lake. Na la mama mwenye nyumba mwenyewe. Ninapoandika hapa, hakuna hata moja linalofunguka. Mwisho wa mwezi huu kodi yangu inaisha, na nitakwenda kulipa kama kawaida. Nitakwenda na fundi, na futi kamba yake.